Ngazi ya Bi Uberlinda

Huku Chiloé mvua haipigi hodi.
Huingia, huvua viatu, hukaa miezi tisa,
na asiye na kuni kavu kufikia Machi
hana haja ya kutafuta adui mwingine.

Bi Uberlinda Millaquén alikuwa nazo.
Alizipasua mwenyewe, kwa shoka la mpini wa mluma,
mguu mmoja mbele, mdomo umefumbwa,
na rundo moja, lile la karibu na barabara,
hakulifunika kwa turubai wala kulihesabu.
Lilikuwa la yeyote apitaye usiku
kwa kuona haya kuomba mchana.

Miaka tisini na miwili.
Mume alikwenda Patagonia kunyoa kondoo,
naye akanyolewa huko na mwingine; hakurudi.
Watu wakamletea pole kwa sinia.
Akazipokea, akaosha sinia,
akazirudisha zimejaa viazi:
vyeusi kama kucha iliyobanwa mlangoni,
vya zambarau, vyenye macho mengi kama umbeya.
"Pole zenu nimezila," alisema. "Nanyi kuleni."

Gari alijifunza akiwa na sabini na mmoja,
kwenye pikapu iliyokataliwa na padri.
Akagonga uzio wa shule. Akaujenga upya,
akatuongezea lango ambalo hatukuwa nalo.
Tangu hapo ni yeye aliyewapeleka wajawazito kivukoni
saa nane usiku, kwa gia ya pili tu;
ya tatu, alisema, ni ya wenye haraka ya kufa.

Mimi namkumbuka akiwa juu.
Julai, upepo wa kaskazini, ana themanini na tisa,
misumari mdomoni, anabadilisha vigae vya mbao
kwenye paa la jiko.
Nikakimbia, nikanyoosha mikono nimdake kiuno.
Akatema msumari mmoja ili apate kusema:
"Shika ngazi, Eliseo. Usinishike mimi."

Nikaishika. Saa nzima nikatazama
soksi zake za sufu, kisigino kimoja
kimetiwa kiraka cha rangi isiyohusika,
maji yakinitiririka kutoka kiganjani hadi kwapani.
Sijapata kufanya kazi ndogo kiasi kile,
wala kuhitajiwa kiasi kile.

Alikufa kitini, ameelekea jiko,
birika bado linanung'unika.
Hakumsumbua mtu.
Hilo nalo lilituudhi kidogo.

Siku ya tatu watu wakaanza kuja na vitu.
Sufuria. Msumeno. Beseni la kuogeshea watoto
lililokwisha kuzunguka nyumba kumi na nne.
Kondoo jike, mjukuu wa yule aliyeazimwa.
Vikajaa uani, vikalowa,
na hakuna aliyejua amkabidhi nani.
Mpwa wake kutoka bara, mtu wa benki,
akauliza: orodha ya wadaiwa iko wapi?

Daftari tulilikuta nyuma ya debe la unga.
Wadaiwa hawakuwamo, hata mmoja.
Ukurasa wa penseli tu, wenye kichwa "Vya watu":
Sindano ya Otilia. Imerudi.
Chumvi ya Baudilio, vikombe viwili. Imerudi, vitatu.
Na chini kabisa, bila alama yoyote:
Ngazi ya babake Eliseo, 1974.
Nikumbuke.

Neno hilo nimelisoma kwa njia zake mbili.
Usiku hunielekea mimi,
asubuhi naona alikuwa akijisemea.

Ngazi iko palepale ukutani.
Kila Jumamosi nasema nitaichukua, ni yetu.
Mvua inaipanda, kipandio kwa kipandio,
nami natoka, hata sijavaa koti,
nakwenda kuishika.