Chupa za Jamu

Hilda Braithwaite, miaka arobaini mpishi wa shule,
alianza na chupa moja,
ya jamu ya plamu, kibandiko kimeng'oka nusu.
Akashuka ngazi za nyuma ya kiwanda kilichokufa cha sufu,
akainama, goti likalia,
akateka mto.

Akaandika: *Jumanne. Saa moja asubuhi. Mvua haikunyesha.*
Akaiweka dirishani, ubavuni mwa picha ya marehemu.
Kufikia jioni tope lilikuwa limetuama chini
kama siri iliyochoka kuelea.

Sisi wa Harrowbeck si watu wa kelele.
Hulalamikia baridi, tukarudi ndani.
Lakini mbwa wa Imtiaz, muuza samaki na chipsi,
aliogelea Jumapili, Alhamisi akazikwa,
na Imtiaz hakuja na bango. Alikuja na dumu la siki,
tupu, limesuuzwa mara tatu,
akauliza: Niteke wapi?

Tamsin, miaka kumi na sita, akaleta kipimajoto cha shule
(hakuomba ruhusa).
Haba na haba. Madirisha ya mtaa mzima
yakageuka rangi ya chai iliyolala.

Kampuni ikatuma kijana wa viatu vya kung'aa.
Ukumbi wa kanisa, viti vya kukunja, biskuti.
Alisema "changamoto" mara kumi na tisa, Tamsin alihesabu.
Alisema: majitaka hufunguliwa mtoni
siku za mvua kubwa tu, na sheria inaruhusu.
Hilda hakujibu. Akapanga chupa mezani mbele yake,
akisoma kama anayeita watoto darasani:
Jumanne, kavu.
Ijumaa, kavu.
Jumatatu, kavu, jua lilikuwa linawaka.
Kisha akamwomba afungue moja. Moja tu, mwanangu.
Kijana akatazama saa yake.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, kofia mkononi.

Miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku, kituo cha majitaka.
Simu ililia saa nane, sauti isiyojitaja jina
ilisema fungua, nikafungua.
Gurudumu la chuma, mizunguko kumi na minne.
Halafu nilinawa, nikala mkate wangu wa jibini,
na huko chini giza likawa linaongea na giza.

Ila kila usiku huo niliuandika, kwa penseli,
kwenye daftari la kubashiria farasi.
Sijui kwa nini. Labda hata aibu
mtu huiwekea risiti.

Jumamosi nikabisha kwa Hilda.
Akanitazama kutoka kofia hadi buti.
"Wewe ndiye uliyekuwa ukificha karoti mfukoni."
Nikamkabidhi daftari. Akavaa miwani.
Jumanne yake ilikuwa Jumanne yangu.
Ijumaa yake, yangu.
Hakunisamehe. Alichemsha maji.

Treni ya London tulipakia majina elfu kumi na moja
ndani ya kigari cha mtoto, kwa kuwa masanduku yalikuwa mazito.
Mbunge alitupa dakika kumi na mbili, akatumia nane kupiga picha.
Muswada uliingia kamatini mnene
ukatoka umekonda, mifupa inahesabika,
lakini umetoka na miguu yake: kila lango la majitaka nchini
sasa lina mita, na mita inasomwa na yeyote.
Kampuni ilitozwa faini iliyo ndogo kuliko bakshishi ya mkurugenzi.
Mimi nilitozwa kazi yangu.

Goti la Hilda limezikataa zile ngazi.
Anabaki juu, ameshika fimbo, ananikosoa:
Usiteke ukingoni! Ingia!
Naingia. Baridi inanipanda hadi kiunoni.
Naandika: *Jumanne. Saa moja. Mvua haikunyesha.*
Nainua chupa kwenye mwanga.
Siwezi kusema ni safi.
Naweza kusema kwamba, nikitia kidole nyuma ya kioo,
nakiona.