Risiti

Asubuhi moja ya baridi pale Mwanjelwa,
nikiwa na koti la jiji,
nilimwandikia Tusajigwe risiti:
kosa, kupanga mboga nje ya mstari.
Mnafu, figiri, majani ya maboga
yenye umande wa Uyole bado,
tukazitupa nyuma ya gari.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu,
"Na kile kibanda cha soda langoni mwa shule?"
Nikamjibu, kina kibali.
Na kweli kilikuwa nacho,
kimepakwa rangi nyekundu, bure, na kampuni.

Miaka sita. Leo Jumatano,
kliniki ya sukari, benchi limejaa
tangu saa kumi na mbili: makoti, skafu,
na mtoto wa darasa la tano
ajuaye kujitoboa kidole kunishinda.
Muuguzi anaandika bila kuninyanyulia macho:
punguza chipsi, acha soda,
kula mnafu.

Narudi kwa miguu.
Mstari bado upo, mweupe, safi,
hakuna aliyepanga kitu.
Nauliza mnafu, naelekezwa ndani,
kizimba cha tisini na moja,
ambako ushuru umeupandisha bei.
Tusajigwe ananifungia fungu,
anatia na nyongeza.
Risiti, anasema,
sina.