Nusu Athari

Tulifika Hail Sidri juu ya lori la magunia ya tende,
mwaka wa sabini na tatu. Mimi nina miaka sita,
mama ana masanduku mawili na Kiarabu cha sala tu.
Cherehani yake ilibaki Bujumbura, na nguo ya mtu ndani ya sindano.

Hakuna aliyeuliza mmeleta nini.
Waliuliza mmekula nini.

Kikaja kikombe kisicho na mkono,
kahawa inanukia iliki. Mama akanywa. Akajaziwa. Akanywa.
Hakujua kwamba hapa aliyetosheka hukitikisa kikombe,
na alikotoka kukataa ni kutukana.
Vikombe kumi na kimoja!
Cha kumi na mbili kilipokuja, Bi Shinuna wa mlango wa pili
alimshika kifundo cha mkono
akautikisa yeye, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto kuaga.
Wakacheka mpaka machozi. Lugha yao ilianzia hapo.

Kijiji kile kinaishi kwa falaji moja.
Maji hutoka tumboni mwa jabali,
hupita kwanza penye kunywa,
kisha msikitini, kisha hamamu ya wanawake,
ndipo yateremke mashambani, kila mtu na zamu yake:
mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota.
Zamu hupimwa kwa athari. Athari moja, nusu saa.
Neno lilimchekesha mama.
Kwetu athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.

Mwezi wa pili akaja Mhana, arifu wa maji,
akasimama kizingitini, macho chini:
Kuna nusu athari imezidi,
usiku wa Jumanne, Kilimia kikigusa bega la jabali.
Imezidi tu. Chukueni.

Robo saa!
Mama peku, taa mkononi,
anaondoa jiwe lililofungwa matambara, anayasubiri,
anayasemesha Kiswahili yaje upesi.
Akapanda mchicha, mbegu alizozifunga
kwenye pindo la kanga tangu kando ya ziwa.
Kijiji kikaula. Kuutamka kikashindwa, kikauita *mshisha*,
na wajukuu leo wanaapa ni mboga ya mababu zao.

Mama amefariki Februari.
Nimepanda kutoka Maskati na karatasi ya mnada mkobani:
maji yana bei siku hizi.
Nyumba za udongo zimekuwa za kulaza wageni,
kuna kiyoyozi palipokuwa na zizi la mbuzi,
na mjukuu wa Mhana ameziweka zamu zote ndani ya simu.
Lakini kuuza, akasema, kunataka daftari.

Akalileta limefungwa kwa kitambaa. Akanisomea,
kidole kikitembea juu ya wino wa babu yake:

*Shinuna binti Sleyum, athari mbili.*
Mbili imekatwa.
*Moja na nusu. Nusu kwa mgeni.*
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
*Asiambiwe.*

Nikalikumbuka lile shimo.
Bustanini kwa Bi Shinuna kulikuwa na shimo la mviringo, kavu,
tukirukia ndani na kutoka, mimi na binti zake.
Palikuwa na mndimu, walisema. Uliliwa na wadudu.
Miaka hamsini wadudu wale wamebeba lawama.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu mwenyeji alikaukiwa,
na kila Jumatano asubuhi alikuja kumuuliza mama:
Jana yalifika vizuri?

Ana miaka tisini sasa, haoni ila mwanga.
Amenijua kwa mwendo.
Amelipapasa birika, amemimina bila kumwaga tone.
Nilitaka kusema. Neno likakwama penye iliki.

Nikanywa. Akamimina.
Nikanywa. Akamimina, kichwa kaukinamisha upande,
anasikiliza mkono wangu.

Sikukitikisa kikombe.