Ukishuka Luanda

Usinunue mkate. Mkate upo kila mahali.
Vuka reli, muulizie Kageha
mwenye sinia la simsim iliyoviringwa kwa asali,
ngumu kama gololi;
itakukwama jinoni hadi Kisumu,
na ulimi hautakosa kazi njiani.

Kumbikumbi hupimwa kwa kikombe cha bati.
Msimu ukipita usimbembeleze muuzaji.
Mvua nayo haibembelezwi.

Sukari guru inatoka Kabras,
nyeusi, ina moshi wa makapi ya miwa.
Nusa kwanza. Iliyochakachuliwa hainuki kitu.

Ufukweni utaletewa ngege mzima,
jicho lake likikukagua.
Anzia shavuni,
wenyeji wajue una mtu aliyekufunza kula.

Lakini mrenda wa shangazi Rasoa,
uliolainishwa kwa chumvi ya majivu,
ule alionipakulia siku niliyofeli mtihani
asiniulize chochote,
huo usiutafute.
Jiko lake lilikuwa nyuma ya shule;
sasa pana kituo cha mafuta.
Juzi nilisimama pale, nikanunua maji ya chupa,
nikayanywa polepole,
nikiitafuta ile chumvi.