Mstari wa Tano

Niliitwa Wadi Kabir mwezi wa Julai, saa nane mchana,
lami imelainika hata inabandua soli,
jengo la tatu nyuma ya mafundi cherehani, ngazi tupu bila lifti,
begi la spana begani, mtungi wa gesi mkononi.
Karatasi ya kazi ilisema: kiyoyozi kinanguruma.

Aliyenifungulia alikuwa Mrusi, mrefu, na fulana ya ndani.
Alisimama kati yangu na dirisha, mikono kaitandaza
kama mama anayemzuia ngariba.
"La," akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
"aliyelalamika ni jirani. Mimi sijalalamika.
Hiyo ni si bemoli."

Mimi, Zahran, wa Tabora kwa mama na wa Ibra kwa baba,
najua kondensa, najua kapasita, najua feni iliyolika beringi.
Si bemoli sijaiona katika katalogi yoyote.

Akanikalisha. Chai nyeusi, jamu ya cheri ndani yake,
nami nikanywa, ya Mungu mengi.
Akabonyeza kinanda kwa kidole kimoja tu,
na kinanda na kiyoyozi vikaitikiana
kama watu wa kijiji kimoja waliokutana uwanja wa ndege.

Maisha yake niliyapata vipande vipande,
kila nilipokuja kuosha chujio.
Rodion Yefimovich, mwana wa karani wa reli,
kazaliwa mahali ambapo mto hugeuka barabara
na malori hupita juu yake hadi Aprili.
Fidla ya kwanza ilikuwa ya mjomba ambaye hakurudi vitani.
Alipofika miaka ishirini na sita, simfonia yake
ikasomwa na kamati ya watu tisa. Wanane walisinzia.
Wa tisa aliuliza: mbona mwisho wake hauna furaha?
Ikatiwa kabatini. Kabati likahamishwa. Jengo likauzwa.
"Na nchi nayo," akaongeza, "ikafungwa kama duka."
Kabla ya hapo aliandika muziki wa katuni:
sungura akianguka, marimba; sungura akiinuka, filimbi.
Miaka kumi na minne ya sungura.
Ndipo ikaja kazi ya Maskati, kufundisha vijana wetu
kuushika upinde wa fidla kwa ulaini, si kama mpini wa jambia.

"Ile simfonia bado unaikumbuka?"
Akajipiga paja. "Yote. Ila sasa naona
kamati ilikuwa na haki. Mwisho ule ulikuwa mbaya."

Basi beringi sikuigusa.
Kila mwezi niliandika: imekaguliwa, inasubiri kipuri.
Miaka mitatu kipuri hakijafika kutoka Dubai.
Jirani akanunua pamba za masikio.

Moyo ulimsimama wiki ya mwisho ya Shaabani.
Ubalozi ukachukua mwili, shule ikachukua kinanda.
Mpangaji mpya, muuguzi wa Manila, hulala mchana.
Nilibadilisha beringi kwa dakika arubaini.
Kimya kile sijui nikieleze vipi.
Nilikaa ngazini nikaifuta spana iliyokwishafutwa.

Jana binti yake kapiga simu kutoka kwao,
Kiingereza chake kama changu, cha kuazima.
Amekuta kazi ya mwisho ya baba, kurasa thelathini na moja,
fidla mbili, viola, selo,
na chini yao mstari wa tano, nota moja tu,
toka mwanzo hadi mwisho, bila kupumua.
Jina la chombo hapana. Pembeni, kwa penseli,
kuna neno ambalo kila mwanamuziki aliyemwonyesha
ametikisa kichwa. Zahran.
Namba yangu kaikuta nyuma ya risiti ya gesi.

"Samahani," akasema, "wewe ni chombo gani?"

Nilikuwa garini, njia ya Ruwi, jua la saa sita.
Nikazima injini. Nikafunga vioo.
Nikaitafuta kooni.
Ilitoka chini kidogo.
Nikaipandisha.