Fungu la Kyungu

Mimi hufundisha hesabu, darasa la tano, Katuba.
Nusu naijua.
Nusu ni bukari iliyopakuliwa kwa mwiko mmoja
huku macho manne yakilinda sahani mbili.
Tangu walipozaliwa Kyungu na Kabange
sikuwahi kununua kitu kimoja.

Walipotimiza mwaka nikaenda biro ya asiransi,
nikajaza karatasi kwa hati ya ubaoni:
mnufaika wa kwanza, Kyungu, nusu;
wa pili, Kabange, nusu.
Baba yao akacheka: umeanza kujigawa
na bado unapumua?
Nikamjibu, hesabu haingoji kilio.

Halafu ile picha ya Noeli.
Pazia la maua, suti mbili za kushonesha.
Mwanga ulipopiga, macho matatu yalirudisha wekundu,
la nne likarudisha weupe,
kama jicho la paka chini ya kitanda.
Tukadhani ni kosa la mashine.
Tulimrudishia mpiga picha kazi yake,
tukadai faranga zetu.

Daktari Kalonda aliitazama picha
muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto.
Dawa ilitoka Ndola kwa basi,
ikalala mpakani siku mbili,
ikafika na barafu iliyokwisha kuwa maji.
Kyungu alikuwa anajifunza kuhesabu.
Alifika saba.
Baada ya saba alisema: nyingi.

Tulipomzika, walimtoa damu Kabange.
Nikamuuliza yule binti wa maabara:
tumbo moja, ziwa moja, sura moja,
hata mimi nilikuwa nawafunga uzi mkononi nisiwachanganye,
kwa nini huyu na si yule?
Akavua glovu, polepole, kidole kwa kidole.
Mama, hatujui.
Hatuna fedha ya kuuliza.

Sikujua kumbe hata swali hununuliwa.

Miaka kumi na mitano nimelipa, mshahara ukija, usipokuja.
Juzi karani Mwepu amefungua faili, vumbi likamkohoza.
Mwalimu, mstari huu ni wa marehemu.
Tuufute, yote yamwendee aliye hai.
Stilo yake ilikwisha kugusa karatasi.
Nikaweka kiganja changu juu ya jina.

Nilimwita Kabange. Akaja kutoka Kamalondo
anakotengeneza simu, mikono ikinuka lehemu.
Nilikuwa naogopa, niseme kweli.
Nusu ile ni kibanda chenye mlango wa chuma.
Ni mahari. Ni kodi ya miaka.
Nilimweleza: nikifa, iende kwa wale wanaochunguza
saratani ya watoto, wanunue lile swali.
Akakuna shingo.
Ni chake?
Ni chake.
Basi si changu. Biskuti yake nilikula mara moja tu,
akalia mpaka usiku.

Hatukufuta. Tuliandika pembeni, herufi ndogo,
jina refu la maabara likipanda ukingoni
kama mtoto anayesukumwa kwenye benchi iliyojaa.
Karani akauliza, maana karatasi inauliza:
uhusiano na mwenye bima?
Nikaduwaa, mimi ninayewachapa watoto kwa kuacha nafasi wazi.
Kabange akachukua stilo.
Akaandika: pacha wangu.
Karani alisema hiyo haikubaliki kisheria.
Akapiga muhuri.

Sina haraka ya kufa. Nina presha,
nina madaftari arobaini na nane ya kusahihisha,
na mvua imeng'oa bati la jikoni.
Lakini tarehe tano ya kila mwezi
napanga foleni na noti zangu zilizochakaa,
nyingine za mshahara, nyingine za vitumbua.
Karani huzihesabu kwa sauti, akilamba kidole.
Akifika saba
mimi humtangulia, kimoyomoyo:
nyingi.