Hesabu ya Tope, Igombe

Saa moja asubuhi, Bwawa la Igombe,
Wande anashusha kamba: mita sita, na nusu.
Kijiko cha chuma kinafumba mdomo huko chini
tusikokuona, kinapanda kizito, kinachuruzika.
Tope jeusi, harufu ya mayai viza.
Tunalichekecha kwenye ungo wa waya,
maji, na maji tena,
mpaka wabaki wao.

Wekundu. Wembamba kama uzi wa kutia viraka.
"Mabuu," nasema.
"Damu," anasema Wande. "Kama yetu.
Huko chini hewa ni ya kukopa,
lazima uwe na damu ya kuishika."
Ishirini na tisa katika kiganja kimoja cha tope.
Naandika kwa penseli, maana wino hulia.

Kila mmoja kajijengea kibomba cha mate na mashapo,
amelala ndani akijinyonganyonga,
maji ya juu yaingie, ya chini yatoke.
Pampu! Nani angedhani?
Marehemu baba alilinda pampu hapahapa
miaka kumi na tisa, akiipaka grisi mashine yenye kikohozi
ili maji yafike Cheyo, yafike Kitete, yafike Isevya,
asijue kuwa mbele ya buti zake, chini ya maji,
maelfu walikuwa zamu, bila mshahara, bila grisi.

Mvua ikinyesha, mbolea ya tumbaku hushuka na mto.
Bwawa huwa kijani, zito kama mlenda.
Fosforasi huzama, hulala topeni, huamka.
Swali la Wande ni dogo: nani huiamsha?

Basi chupa mbili barazani,
tope lilelile, maji yaleyale.
Hii ina mabuu, hii haina.
Siku kumi.
Kwenye mabuu, uso wa tope umeshika kutu,
rangi ya kichuguu, na kutu imeikaba fosforasi
kama mdai aliyemkuta mdeni wake sokoni.
Lakini amonia imepanda: kinyesi chao, jasho lao.
Huku wameweka, huku wametoa.
Nikauliza, sasa hawa ni wema au wabaya?
Wande akasuuza ungo.
"Niandikie tarakimu."

Usiku wanahama.
Wanapanda, wanavua ngozi juu ya maji, wanapata mabawa,
na taa ya nyumba ya pampu inawaita.
Hawaumi. Wengi hawali tena.
Siku mbili, tatu, kisha sakafu.

Alfajiri Mama Nshoma anawafagia, beseni zima,
wepesi kama pumba,
anawamwaga kwenye tuta la mchicha nyuma ya jiko.
Hajawahi kupima kitu. Anasema tu
tuta lile halimwangushi.

Jioni tunaula mchicha ule na ugali wa muhogo.
Natafuna polepole nikihesabu kimoyomoyo:
tumbaku, mvua, tope, bawa, jani.
Safu ya mwisho ya daftari sijaipa jina.
Wande ananisogezea chumvi.